Chupa ya Chai ya Kocha

Kijiji chetu kizima cha Keza kilimwita Kocha. Mapadri walimwita Kocha, wauza mitumba walimwita Kocha, na bibi yangu, ambaye hakuwahi kuona mashindano ya mbio maisha yake yote, alimwita Mwarimu Kocha, kwa kuwa hakutaka kumpunguzia heshima. Kwenye makaratasi ya shule alikuwa mwalimu wa Jiografia. Nadhani hata mkuu wa shule alikuwa ameshaanza kulisahau jambo hilo, na mimi nitamwacha na jina hilohilo la Kocha, maana jingine halimkai.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na goti la kulia lilikuwa na matatizo. Alivaa koti la michezo ambalo zipu yake ilikufa zamani, akawa analifunga kwa pini tatu za nepi. Shingoni alining'iniza filimbi, na katika miaka yote niliyokimbia chini yake sikuwahi kumwona akiipuliza. Alisema filimbi ni ya kuitia mbwa. Yeye alitumia sauti. Alitoka upande wa Biharamulo, kwenye familia zilizohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, na Kisukuma kilikuwa bado kimemkaa kwenye ulimi. Ukianza kukimbia kabla ya kuambiwa, au ukikata kona ya njia, ungesikia bonde zima likiitika, “Ludi! Ludi uanze upya!” Tulimwigiza mpaka wadogo zetu wa darasa la kwanza wakawa wanacheza mchezo wa Ludi.

Hatukuwa na uwanja wa maana. Tulikuwa na njia za miguu, migomba, na vilima ambavyo Mungu alivimwaga Ngara bila kuhesabu. Kocha alizitumia njia hizo kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mkimbiaji hampiti mtu mzima bila kumsalimia. Si kwa adabu tu. Alisema ukishindwa kutamka shikamoo yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kuikata katikati, basi unakimbia kuliko pumzi yako, punguza. Na ukiitamka kwa raha kama mtu aliyekaa kitini, basi unadanganya, ongeza. Wazee wa Keza wakaujua mchezo. Walikuwa wanatoka asubuhi na kusimama kando ya njia makusudi, mmoja hapa, mwingine kule juu, na jioni wanamletea Kocha taarifa. “Yule wa kwa katekista leo shikamoo yake imekatika pale kwenye mteremko.” Kwa hiyo tulifundishwa na kijiji kizima, na hatukuwa na pa kujificha.

Kanisani alikuja mara mojamoja, na si kusali. Alisimama nje karibu na lango akiwatazama waliochelewa misa wakikimbilia ndani. Mimi alinipata hapo. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimevaa gauni la Jumapili, viatu mkononi. Baada ya misa akamwambia baba, “Mzee, huyu mtoto wako ana miguu, lakini anakimbia kama anayedaiwa.” Baba akamwambia ni kwa sababu nimechelewa. Kocha akasema, “Basi mlete Jumatatu, achelewe kwangu.” Tangu siku hiyo akaniita mayu, kama watu wa kwao wanavyomwita mtoto wa kike na bibi kizee vilevile, na nilijiona mtu mkubwa.

Alikuwa na mambo yanayopingana, na hakuona taabu kuishi nayo. Alitukataza sukari, akisema inampa mkimbiaji nguvu ya uongo, na wakati huohuo mfuko wake ulijaa pipi za kuwapa watoto waliobebwa mgongoni na mama zao. Alitukataza kugombana, naye aligombana na kila mwamuzi wa wilaya ya Ngara, wengine mara mbili. Alitufundisha kuchora ramani ya kila kilima tulichokimbia, na bado yeye mwenyewe alipotea njia akienda harusini Kabanga, akafika keki imeshakatwa.

Lakini kitu alichokichukia kuliko vyote ni vidonge. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, msichana wa mbio fupi, aliyemeza kidonge cha maumivu kwa ajili ya jino. Kidonge kimoja, cha jino. Kocha alimweka benchi wiki nzima. “Mwili unaongea,” alisema, na hii ndiyo ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote. “Uache uongee. Ukiunyamazisha leo, kesho utajuaje umevunjika?” Mimi niliamini kabisa. Nilikua bila kumeza hata cha kichwa, na mama alikuwa analalamika kwamba Kocha amemharibia mtoto.

Sasa nieleze habari ya kuonja, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Kwetu Wahangaza, mwenye kumpa mtu kinywaji anaonja kwanza mbele yake. Iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe maziwa, iwe maji. Unaonja, unameza, ndipo unampa, ili aone hakuna sumu. Na huonji kwa ncha ya ulimi, hiyo ni dharau mbaya kuliko kutoonja. Unakunywa funda la kueleweka. Kocha alipofika nyumbani mara ya kwanza, mama alimletea maji ya ndizi mbivu kwenye kibuyu, akanywa yeye kwanza, akampa. Kocha akabaki ameshika kibuyu, anamtazama baba. “Mzee, samahani. Kwetu mgeni akipewa kitu kilichokwisha kunywewa, anaaga.” Baba alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza. Kocha akasikiliza kwa makini, kama anayeelezwa njia ya kwenda mahali, kisha akanywa kibuyu chote.

Kuanzia hapo akaichukua desturi yetu na kuizidisha, kama wafanyavyo waliokuja ukubwani. Siku za mashindano alipita kwenye mstari wetu, akafungua chupa ya maji ya kila mmoja, akaonja, akafunga. Wakimbiaji kumi na wawili, mafunda kumi na mawili, naye anakwenda chooni kila baada ya dakika kumi. Akatuapisha tusinywe kitu kwa mtu ambaye hakuonja mbele yetu. Shule nyingine walitucheka. Sisi tulijiona tuna baba.

Chupa moja tu ndiyo haikuonjwa na mtu, nayo ilikuwa yake. Ilikuwa chupa ya chai ya bluu, yenye mfuniko unaotumika kama kikombe, na aliibeba kwenye kikapu kila siku. Hakutuma mtu kuileta, hakumkaribisha mtu. Tulidhani ni chai ya mizizi ya kwao, dawa ya goti, na kwa kuwa ilikuwa ya kwao tuliiheshimu tukaiacha.

Nilikuwa kidato cha tatu tulipokwenda Ngara mjini kwenye mashindano ya kuchagua wakimbiaji wa wilaya watakaokwenda mkoani. Nilikuwa wa mita elfu tatu. Nisijivune, lakini hapakuwa na msichana wa kuniweza mwaka ule, na kila mtu alijua. Asubuhi ile nilivunja kiapo mara moja: nilinunua uji kwa mama mmoja wa Kabanga aliyekuwa ameweka sufuria yake karibu na uwanja. Hakuonja mbele yangu, angeonjaje kwa wateja wote wale? Nilikunywa haraka nikafuta mdomo.

Goti la Kocha lilikuwa baya siku hiyo. Alikuwa katikati ya uwanja akibishana na mwamuzi kuhusu kona, na alisimama kwa mguu mmoja. Akaniita, “Mayu, niletee chupa yangu.” Hakuwahi kuniambia hivyo. Nikaichukua kwenye kikapu, nikamwendea, nikamimina kwenye mfuniko, na kwa kuwa mama yangu alinilea, nikaonja kabla ya kumpa. Mafunda mawili ya kueleweka. Ilikuwa chai ya rangi, baridi, chungu. Nikajua haina sukari, nikamheshimu zaidi.

Alikuwa amenipa kisogo. Alipogeuka alinikuta nameza.

“Umekunywa?”

“Nimeonja tu, Kocha.”

Aliutazama mfuniko, akanitazama mimi. Akasema ninywe maji mengi, nikakae kivulini. Nilikwenda nikiwa na furaha kwamba ananijali.

Kama nusu saa baadaye miti ilianza kutembea. Niliona jasho likinitoka viganjani, kisha nikatapika, nikajaribu kusimama, nikakaa tena bila kupenda. Wenzangu walinibeba hadi kwenye hema la muuguzi. Nilisikia wakiita wasichana wa mita elfu tatu kwenye mstari, nikasema naenda, na ulimi haukunisikiliza.

Muuguzi akauliza nimekunywa nini. Mwenzangu wa mbio fupi, yule wa jino, akasema aliniona kwenye uji. Mtu mmoja akauliza, “Aliyeuza alionja?” Nikatikisa kichwa. Sikutaja chai, na niseme ukweli, haikunijia hata kidogo. Chai ya Kocha ingeniumizaje?

Basi wakamwendea yule mama. Nilimwona kupitia uwazi wa hema, na sauti zao zilifika wazi.

“Kwa nini hukuonja?”

“Baba, nawauzia watu wote hawa, nitaonja kwa tumbo gani?”

“Ametoka upande wa pili wa mpaka huyu.”

“Sijatoka upande wa pili. Nimezaliwa Kabanga. Muulizeni mtu yeyote wa Kabanga.”

Wakaimwaga sufuria yake. Uji ulitiririka kwenye nyasi, naye akawa amesimama na upawa mkononi, na watu wamemzunguka, na mmoja alikuwa ameshamshika mkono. Kocha alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda changu, kikapu kati ya miguu yake. Alikuwa amekaa hapo tangu mwanzo. Muuguzi aliuliza mara ya pili, “Hakuna kingine alichokunywa?” na Kocha akatazama kikapu. Akamtazama yule mama. Nimeupima ukimya ule mara nyingi tangu hapo. Haukuwa mrefu. Ulitosha sufuria kumwagwa.

Kisha akasimama, kwa shida, akatoka mlangoni mwa hema, akaita kwa ile sauti ya bondeni, “Mwacheni mama huyo! Ni chai yangu!”

Wakamwachia mkono yule mama. Akarudi ndani, akaweka chupa ya bluu mezani kwa muuguzi, akamtajia vidonge alivyosaga humo, vya aina gani na vingapi. Vilikuwa tramadol, vile vya maumivu makali ambavyo havitolewi bila cheti cha daktari. Alivitaja polepole, kama anayemsomea mwanafunzi imla, ili muuguzi asikosee. Afisa michezo alikuwa ameshaingia na kusikia yote. Hakuna aliyehitaji kumpekua.

Mbio zilikimbiwa. Nilizisikia nikiwa nimelala, shangwe ikienda upande huu na kurudi upande ule. Ningependa kusema nililia kwa ajili ya Kocha. Nililia kwa ajili ya mita elfu tatu. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote, na kilichonichoma zaidi ni kivuli alichonituma nikakae, akijua.

Alisimamishwa kufundisha mbio siku hiyohiyo, na ualimu ukafuata baada ya vikao. Kabla ya kuondoka Keza alikuja nyumbani. Nilikataa kutoka chumbani, lakini nyumba zetu hazina kuta za kuzuia maneno. Alimwambia baba kwamba goti liliumia alipoanguka na pikipiki barabara ya Keza, miaka kadhaa kabla ya kunipata kanisani. Dereva mmoja wa lori pale Lusahunga akampa kidonge. “Kile cha kwanza kilikuwa cha goti, mzee. Vingine vilikuwa vya kuniamsha kitandani.” Na kwa kuwa alikuwa ametukataza vidonge, hakuweza kuonekana akimeza. Ndiyo maana akavisaga ndani ya chai. Sheria yake mwenyewe ndiyo iliyompeleka kwenye chupa.

Baba akamuuliza, “Na yule mama?”

“Nimetoka kwake Kabanga sasa hivi. Nimempelekea sufuria. Amepokea sufuria, mimi hakunipokea.”

“Ana haki.”

“Ana haki, mzee.”

Kisha nikasikia hatua za mama. Nilichungulia. Alikuwa amebeba kibuyu cha maji ya ndizi, kilekile. Akasimama mbele ya Kocha, akanywa funda, akameza, akampa kwa mikono miwili. Kocha alikipokea akashindwa kunywa. Alilia mtu mzima yule, pini zake tatu zikitikisika kifuani, na mama akabaki amesimama akingoja amalize, kwa sababu kibuyu hakirudishwi kikiwa kimejaa. Mwishowe akanywa chote. Mimi sikutoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na hasira yangu ilikuwa na haki yake pia.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa, nikaenda mkoani, nikawa wa sita. Nilikimbia vizuri, na watano walikuwa wazuri kuliko mimi, hiyo ndiyo hadithi yote. Nikaenda chuo cha ualimu. Sina jeraha la kuonyesha watu. Nina mume anayenichekesha, nina darasa lenye watoto wengi mno, na ninafundisha Lusahunga, ambapo malori ya mpakani Rusumo hupita mchana kutwa na vumbi halina likizo. Kila asubuhi naondoka na watoto wangu wa shule kukimbia kabla jua halijakasirika, na nimegundua kwamba nawaambia wasalimie kila mtu mzima njiani, na waitamke shikamoo yote.

Mmoja wao ndiye aliyeniletea habari. “Mwalimu, kuna babu wa mananasi amesema shikamoo yangu imekatika.”

Nilikwenda jioni hiyohiyo. Alikuwa kando ya barabara, ana meza ya mananasi na fimbo, nywele nyeupe, koti jipya lenye zipu inayofunga. Sijui nilikuwa nimebeba maneno gani njiani. Nilipomwona nilianza na salamu.

“Shikamoo, Kocha.”

“Marahaba, mayu.” Akanitazama miguu kabla ya uso. “Umenenepa.”

“Nimezaa, Kocha.”

“Hiyo ni sababu nzuri.”

Akanimenyea nanasi bila kuniuliza kama nataka. Akaniambia alikaa kwa wauguzi Biharamulo miezi kadhaa ili aache vidonge, akatoka, akarudi, akatoka tena, na safari hiyo ya pili ndiyo iliyoshika. Alisema hayo akitazama kisu. Nami nikamwambia kwamba nilimchukia kwa muda mrefu, kisha siku moja nikatafuta ile chuki nisiione, na sikujua niliiacha wapi. Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea kipande.

Nikamwomba aje Jumamosi awaone watoto wangu. Hapo akaweka kisu chini.

“Mimi? Watoto?”

“Mwalimu mkuu anajua. Nimemwambia yote, na kivuli pia.”

“Na kivuli,” alisema. Lori likapita, na lingine. “Ulimwambia vizuri.”

Sikuwa na uhakika kwamba atakuja. Jumamosi nilifika uwanjani mapema, nikapanga chupa za watoto mstari mmoja, nikaonja moja baada ya nyingine, nikijiuliza nimemwalika nani hasa. Akatokea barabarani na fimbo yake, polepole, akichechemea vibaya kuliko zamani, na mkono wa pili ulikuwa na kikapu. Watoto wakamsalimia kwa pamoja. Akakaa kwenye kiti nilichomwekea, akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa chupa ya chai. Hii ilikuwa nyekundu. Nilirudi nyuma hatua moja, na yeye aliona.

Akafungua, akamimina kwenye mfuniko, akaushika kwa mikono miwili na kuusogeza kwangu, watoto wote wakitazama.

“Onja, mayu.”

“Kunywa tu, Kocha.”

“Hapana. Hapa mwenyeji ni wewe, mimi mgeni. Onja unipe.”

Nikaupokea. Nikanywa funda la kueleweka, nikameza, nikasikiliza mdomo wangu. Ilikuwa chai ya tangawizi, ya moto, na tamu kupita kiasi.

“Kocha, sukari yote hii?”

“Goti linauma, mayu,” alisema. “Linauma kutwa. Angalau chai iwe tamu.”

Nikampa mfuniko kwa mikono miwili. Akanywa iliyobaki mpaka ikaisha, akajifuta mdomo, kisha akaona kijana wangu mmoja ameanza kukimbia kabla sijasema, na sauti yake ikavuka uwanja mzima.

“Ludi! Ludi uanze upya!”